Gari Linapochemsha



Desemba iliyopita tulikuwa tukirejea Johannesburg kutoka Durban, wajukuu watatu wakiwa kiti cha nyuma. Tulipoukwea mlima wa Van Reenen, mshale wa joto nao ukakwea, mvuke ukafuka, na gari likazimika kando ya barabara. Tulikaa hapo hadi baada ya Isha.

Gari hilo tulilinunua kwa muuzaji miezi minne kabla, na lilikwisha kurudi gerejini kwake mara mbili kwa maradhi hayo hayo. Kwanza tuliambiwa kosa ni themostati, kisha pampu ya maji. Mara zote mbili tulilipa, tukashukuru, tukaondoka bila ya kuuliza wala kudai risiti. Sisi, tuliowahimiza watoto wa watu kuuliza kwa zaidi ya miaka thelathini!

Kuchemsha kwa injini si jambo dogo. Tarehe 16 Januari 2017, kampuni ya Ford nchini humu ilitangaza kuyarudisha kwa matengenezo magari 4,556 aina ya Kuga yenye injini ya lita 1.6, baada ya kadhaa kuwaka moto. Maelezo yalikuwa haya: kimiminiko cha kupozea injini kisipozunguka ipasavyo, silinda hedi huweza kupasuka, oili ikavujia chuma chenye moto.

Hapa Johannesburg, mji ulio juu ya bahari kwa mita 1,700 na zaidi, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Mfuniko wa rejeta ndio unaozuia mgandamizo usitoke ili yasichemke upesi. Ukilegea, gari limo hatarini. Usiufungue kamwe injini ikiwa bado ya moto. Tena tuache mazoea yetu ya pwani ya kujaza maji ya bomba: maji matupu hula chuma, na katika usiku wa baridi kali wa Juni na Julai huweza kuganda. Tutumie kimiminiko kilichotajwa katika kitabu cha gari.

Ama haki zetu, zimo katika Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2008, nayo humlinda mnunuzi bila ya kujali uraia wake. Gari lililonunuliwa kwa muuzaji, hata likiwa limekwisha kutumika, likionyesha kasoro ndani ya miezi sita ambayo mnunuzi hakuelezwa, mnunuzi ndiye achaguaye: litengenezwe, libadilishwe au arudishiwe fedha. Likitengenezwa, na kasoro ile ikarudi ndani ya miezi mitatu, muuzaji hulazimika kulibadilisha au kurudisha fedha. Tuna haki pia ya kupewa makadirio ya gharama kabla ya kazi, na kukabidhiwa vyuma vilivyotolewa. Muuzaji akikataa, yuko Msuluhishi wa Sekta ya Magari, MIOSA.

Mara ya tatu tulikwenda na barua. Muuzaji alikunja uso, akasema gari limeharibiwa na dereva. Tukaomba ayaandike maneno hayo na kuyatia saini, hakuandika. Baada ya majuma matatu alilichukua gari na kuturudishia bei yake. Lakini fedha za matengenezo yale mawili hatukuzipata, kwa kuwa hatukuwa na hata karatasi moja ya kuthibitisha kwamba tulilipa.

Wako miongoni mwetu wanaoona haya kudai maandishi, wakidhani ni kumtuhumu mtu. Tukumbuke kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 katika Sura al-Baqara, yahusu kuandika madeni. Kuandika si uadui, bali ni kuilinda amana ya pande zote mbili. Na wazee wetu walikwisha kusema: mali bila daftari huisha bila habari.

Tukutane mwezi ujao, inshallah.