Masurufu ya Ughaibuni Yahesabiwe Kabla ya Safari

Na Salim Abdalla Mwinyi

Miongoni mwa mambo ambayo jamaa zetu huyafanya kwa moyo mkunjufu, kisha wakayajutia kimyakimya, ni kumchangia kijana fedha za kwenda kusoma Ujerumani pasipo hata mtu mmoja kukaa naye kitako na kuzihesabu fedha hizo zitakavyotumika mwezi baada ya mwezi. Shamba la minazi huwekwa rehani, dhahabu ya mama huuzwa, wajomba hutoa walicho nacho, na siku ya kuagana kila mmoja huitakidi kwamba aliyekwenda Ulaya amekwisha kuiaga dhiki.

Sheria ya nchi ile humtaka mwanafunzi mgeni athibitishe, kabla ya kupewa viza, kwamba anayo riziki ya mwaka mzima, na wengi huthibitisha kwa kuweka fedha katika akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo kima chake tangu Septemba 2024 kimekuwa euro 11,904, wala mwenyewe hawezi kuzitoa kwa mkupuo, bali hufunguliwa euro 992 kila mwezi. Aisikiaye jumla hiyo akiwa Tanga au Kisumu hudhani ni mali. Walakini serikali iliikadiria kuwa ni kiasi cha kumtosha mtu mmoja, mwenye tumbo moja na kitanda kimoja, aishi asiombe. Haikumhesabia mama mgonjwa, wala ndugu anayedaiwa karo, wala arusi ya binamu.

Katika hizo 992 hutoka kodi ya chumba. Hutoka bima ya afya, ambayo ni faradhi na ambayo kwa mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 hukaribia euro 150. Hutoka chakula na simu, na ada ya redio na televisheni, euro 18.36, inayodaiwa kila nyumba hata kama haina redio. Mwenye nyumba naye huruhusiwa na sheria kudai amana inayofika kodi ya miezi mitatu, na malipo ya kupasha nyumba joto aghalabu hukadiriwa tu, kisha hesabu ya mwaka ifungwapo mpangaji huletewa barua ya kudaiwa nyongeza. Mjini Munich chumba peke yake, tena katika nyumba ya shirika, chaweza kumaliza zaidi ya nusu ya fedha zote, ilhali Chemnitz au Halle, huko mashariki, chumba cha namna hiyo hupatikana kwa kodi ndogo mno kuliko hiyo. Kwa hivyo naona ya kuwa kuuchagua mji ni jambo zito kuliko kuchagua chuo chenye jina, maadamu vyuo vikuu vya serikali vilivyo vingi havitozi karo; ila jimbo la Baden-Württemberg, tangu 2017, huwatoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula.

Vijana wetu huko wana iktisadi ya kustahiwa. Hula mchana katika bwalo la chuo, hununua bamia na nyama ya halali kwa Waturuki, husonga sima kwa chenga za mahindi kwa kuwa unga wa maduka ya Kiafrika ni ghali, na chupa tupu za plastiki huzirudisha dukani wakapata senti 25 kwa kila moja. Wanaopanga wanne pamoja hulipa ada moja tu ya redio.

Lililo zito ni hili, na nyumbani wachache wanalijua: idhini ya ukaaji inapokwisha, ofisi ya wageni humtaka mwanafunzi athibitishe upya kwamba anayo riziki ya muda ujao. Ndiyo kusema kwamba zile euro 100 alizozituma Mombasa kwa sababu shangazi alilia katika simu, huenda ndizo zitakazopunguka mbele ya karani. Kufanya kazi ameruhusiwa, siku kamili 140 kwa mwaka, lakini anayezimaliza siku hizo ghalani usiku huingia mtihanini akisinzia, na asipofaulu idhini yake huwa mashakani kwa njia nyingine.

Nawasihi wazazi, kabla tiketi haijakatwa, wakae na kijana na karatasi, waandike mji, kodi, bima na amana, na waandike waziwazi ya kuwa katika mwaka wa kwanza hakuna kitakachotumwa nyumbani. Kisha wamteue mmoja katika ukoo, mwenye kusikilizwa, ili kila mwenye haja amwendee yeye, asimpigie kijana usiku. Na kijana naye ampelekee mtu huyo hesabu yake kila mwezi bila ya kuipamba, na deni la mwenye nyumba aliandike, na wiki aliyoshinda kwa chai na mkate aiandike pia.