Nidhamu ya Askari ni Kuitii Sheria

Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wajibu wao, hakuwaamuru waiache kazi yao. Aliwakataza dhuluma, akawataka waridhike na ujira wao. Majeshi ya Afrika yangali yanalihitaji fundisho hilo.

Mwezi Januari 1964, askari wa Tanganyika, Uganda na Kenya waliasi katika muda wa juma moja. Walidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Madai hayo yalieleweka. Kosa lilikuwa kuyadai kwa mtutu wa bunduki. Tanganyika ililivunja jeshi lililoasi, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi. Lakini jeshi hilo jipya lilifungamanishwa na chama tawala, hata mageuzi ya vyama vingi ya 1992 yakawaondoa wanajeshi katika uanachama. Askari wa chama hajawa askari wa taifa.

Sisi Wakenya tunalo somo chungu zaidi. Februari 1984, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Walizuiliwa juani kwa siku kadhaa, na wengi wakauawa. Pale amri zilitiiwa. Je, nani atathubutu kuuita utiifu huo nidhamu?

Katiba ya 2010 iliweka mipaka. Kifungu cha 239 kinavikataza vyombo vya usalama kupendelea chama cha siasa, na cha 241 kinataka idhini ya Bunge la Taifa jeshi litumwapo kutuliza ghasia nchini. Hata hivyo, tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano, serikali ilitangaza kuwatuma wanajeshi. Bunge likaidhinisha kesho yake. Bunge linaloidhinisha jambo lililokwisha kuamriwa limejigeuza muhuri.

Kwa hiyo twasema: wabunge wahoji kwanza ni askari wangapi wanaotumwa, wapi, na watarudi lini kambini. Kuruta afundishwe Katiba pamoja na bunduki, ajue kwamba amri ya kumwua raia asiye na silaha si amri halali. Nawe, ndugu msomaji, unapowaombea askari wetu kanisani, usisahau kumwuliza mbunge wako alisimama upande gani siku ile.