Jumba la Mlowezi Limetunzwa, Lugha ya Kibarua Je?

Wake kwa waume wanaorauka alfajiri kusimama malangoni mwa viwanda vya Eneo la Viwandani, Nairobi, husema wanatafuta kibarua. Ni wachache wanaokumbuka kuwa asili ya neno hilo ni barua ndogo, yaani kijikaratasi cha mtu wa kazi za siku. Katika mashamba ya walowezi, mfanyakazi wa tiketi alihesabiwa siku alizofanya kazi mpaka zitimie 30, ndipo alipwe.

Neno hili lilinijia nilipowapeleka wanafunzi wangu wa isimu kulizuru jumba la Karen Blixen, kusini-magharibi mwa jiji. Lilijengwa mwaka 1912. Mwandishi huyo kutoka Denmark aliishi humo tangu 1917 hadi 1931, akilima kahawa. Na tangu 1986 ni jumba la makumbusho. Limetunzwa vyema, nami si miongoni mwa wanaotaka majengo ya aina hiyo yabomolewe. Hata vifaa kadhaa vya filamu ya mwaka 1985 vimepewa nafasi humo!

Lakini shamba halikuwa jumba peke yake. Shamba lilikuwa maskwota, ambao sheria ya mwaka 1918 iliwalazimu kumfanyia mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Lilikuwa nyapara, na kipande kilichoning'inia shingoni ndani ya kikebe. Lilikuwa pia Kisetla, Kiswahili kilichonyofolewa viambishi vya ngeli, aghalabu kikabakia amri tupu. Ukitaka kuisikia athari ya lugha hiyo leo, nenda Viwandani. Huko nyapara yungali akisimamia vibarua, na katika gereza la mahabusu lililo papo hapo, jina hilo ni la mfungwa mwenye madaraka juu ya wenzake.

Kwa nini basi pasitengwe chumba kimoja tu jumbani mle kwa ajili ya sauti za waliozaliwa katika mashamba ya walowezi, wakieleza waliitwaje, waliamrishwaje na walijibu nini? Walimu nao wanaweza kuwatuma wanafunzi kwa babu na nyanya zao, daftari mkononi. Kazi hii haingojeki. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 bendera ya uhuru ilipopandishwa mwaka 1963, sasa amepita miaka 80.