Turudishieni dakika ya kughairi

Kama umewahi kusafiri kwa basi kati ya Morogoro na Dodoma, bila shaka Gairo unaijua, japo kwa dakika kumi tu. Mji huu uko karibu na katikati ya njia, upande mmoja ukitazamana na milima ya Ukaguru, nao una upepo unaomsahaulisha abiria kwamba saa chache kabla alikuwa akifuta jasho Msamvu. Basi husimama, watu wakashuka kunyoosha miguu, kununua cha kutafuna na kuchimba dawa. Kisha dereva hupiga honi. Lakini dereva mstaarabu hapigi honi moja akaondoka. Hupiga ya kwanza. Kondakta akapita akiita. Hupiga ya pili. Gari likanguruma na kusogea hatua mbili tatu. Hapo ndipo ndani ya basi husikika sauti ya mtu mzima: "Dereva, subiri! Bado mama mmoja huku nyuma!" Na dereva, hata awe mkali namna gani, husubiri.

Leo nataka tuzungumze juu ya honi ya namna hiyo, ila ya kompyuta.

Mpwa wangu ana duka la steshenari hapo Gairo. Tangu Gairo imegwe kutoka Kilosa na kuwa wilaya mwaka 2012, kazi za karatasi zimeongezeka, na duka lake halikosi watu. Anatoa kopi, anachapa barua, anapiga picha za pasipoti, anawajazia vijana fomu za mikopo ya masomo. Ana kompyuta mbili, zote zikitumia mfumo huria, yaani ule usiolipiwa leseni, aliowekewa na fundi. Kwa miaka kadhaa mfumo huo ulikuwa na tabia moja njema. Ukibonyeza Zima, kompyuta haikuzimika papo hapo. Kilitokea kidirisha katikati ya skrini, kikahesabu kurudi nyuma: sitini, hamsini na tisa, hamsini na nane. Chini yake palikuwa na kitufe kimoja kimeandikwa "Ghairi". Ukikibonyeza kabla ya sifuri, mambo yanabaki kama yalivyokuwa. (Sijui aliyechagua neno hilo kama aliwahi kupita Gairo, lakini masikioni mwangu maneno hayo mawili ni kama ndugu.)

Fundi alipoleta toleo jipya, kidirisha kikatoweka. Mpwa wangu alikitafuta katika mipangilio yote asikione. Sasa ukibonyeza Zima, umezima.

Haikupita hata wiki mbili. Jumamosi moja alasiri waliingia akina mama wa kikundi kinachokamua mafuta ya alizeti. Walikuwa wanataka kuomba mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoomba hakiwezi kwenda mikono mitupu; lazima kiwe na katiba yake na muhtasari wa kikao. Katibu wao alikaa kitako karibu saa tatu akisoma kutoka daftari la mistari, na mpwa wangu akichapa. Ilipofika jioni mpwa wangu akatoka kidogo kufuata toni ya printa duka la jirani. Kijana anayemsaidia, akidhani kazi imekwisha na kuhifadhiwa, akabonyeza Zima ili wafunge mapema. Zamani kidirisha kingetokea, na katibu aliyekuwa amekaa mbele yake angepiga kelele: "We mwanangu, bado!" Safari hii skrini iliingia giza kabla mama wa watu hajafungua kinywa.

Programu ya kuandikia ilipofunguliwa tena ilijitahidi kurejesha ilichoweza. Katika kurasa kumi na moja zilirudi sita, na ya sita ilikatikia katikati ya ibara ya kumfukuza mwanachama. Maombi yalikuwa yapelekwe Jumatatu asubuhi. Walichapa upya hadi saa nne usiku, katibu akakosa usafiri wa kurudi kijijini, akalala kwa mpwa wangu. Kijana alilia. Nilipoambiwa habari hizi niliuliza swali la kizee: ni nani aliyeona dakika ile haina kazi?

Tuwatendee haki watengenezaji. Nao wana hoja zao, na nimezisikia kwa vijana wanaozifahamu kazi hizi. Wanasema mtu aliyebonyeza Zima anajua anachotaka, kwa nini asubirishwe? Wanasema kila chaguo linaloongezwa katika mipangilio ni mzigo wa kulitunza, toleo baada ya toleo. Wanaongeza kwamba wapo watu waliokuwa wakikichukia kidirisha kile, na hilo ni kweli; mwenye haraka ya kufunga ofisi akaona sekunde sitini zinahesabiwa mbele ya macho yake hujiona kama anaadhibiwa. Lakini hakuna anayeomba dakika hiyo walazimishwe wote. Waulizaji wanataka chaguo lirudi mahali pake, anayelitaka aliwashe, asiyelitaka apite.

Tena kuna jambo ambalo hoja hizo zinalisahau. Zinamfikiria mtu mmoja na kompyuta yake moja. Gairo, na Ifakara, na Turiani, na katika maduka ya namna hiyo nchi nzima, kompyuta moja ni ya halaiki. Anayebonyeza siye anayeandika, na anayeandika siye mwenye kazi. Wazee wa fani hii walilijua hilo mapema. Katika mifumo ya Unix ya miaka ya 1970 na 1980, mashine moja kubwa ilihudumia watu wengi waliokaa kila mmoja mbele ya skrini yake. Kwa hiyo amri ya kuzima ilipewa muda, nayo iliwapelekea wote ujumbe kwamba mashine itazimwa baada ya dakika kadhaa, hifadhini kazi zenu. Ilikuwa adabu ya kawaida. Na haijafa: mazingira ya GNOME bado huhesabu sekunde 60 kabla ya kuzima, na yale ya Plasma huhesabu 30. Mpwa wangu bahati yake tu ilikuwa kuangukia mfumo ulioamua vingine.

Sisi wa rika langu tuna sababu ya ziada ya kuipenda dakika hiyo. Tumekulia katika nchi ambayo mwaka 1974 serikali yake ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, nayo marufuku hiyo ikaja kulegezwa miaka ya baadaye. Mashine hizi tumezijua ukubwani, vidole vikiwa vizito tayari. Mtu wa namna yangu hubonyeza kwanza, akaogopa baadaye. Dakika ya kughairi kwangu ni kama mkono wa kushikilia ngazini.

Wasomaji waliokuwa maofisini mwaka 2003 watakumbuka hesabu ya aina nyingine. Mwezi Agosti mwaka ule virusi vilivyoitwa Blaster vilienea duniani. Kompyuta ya Windows iliyoambukizwa ilitoa tangazo kwamba itazimika baada ya sekunde 60, na tangazo lile halikuwa na kitufe chochote cha kuizuia. Watu walikaa wakiitazama kazi yao ikielekea sifuri. Kisha ikaanza kunong'onwa kutoka meza hadi meza kwamba ukiandika amri fulani fupi, hesabu husimama. Nimeona ofisi ambamo amri hiyo ilibandikwa ukutani kwa gundi, karibu na kalenda.

Kisa cha Blaster kina sehemu ya pili, nayo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Virusi vile viliingia kupitia tundu lililokwisha kutolewa kiraka tangu Julai ya mwaka huohuo. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuwa wamekiweka. Sasa sikilizeni: mwenye duka jirani na mpwa wangu, alipoona yaliyompata mwenzake, ameapa kwamba kompyuta yake haitaonja toleo jipya lolote tena. "Wakija watanipokonya na mimi," anasema. Nilijaribu kumweleza kuhusu viraka na matundu, akaniitikia kwa heshima kama mtu anavyomwitikia mzee, na nikajua hatabadili nia. Ndivyo kitufe kidogo kinavyogharimu. Anayeondoa kitu kinachopendwa na watu bila kuwauliza huwafundisha kukataa hata dawa.

Kwa wanaoteseka kama mpwa wangu kuna njia ya kujisaidia, ingawa ina miiba. Mwenye Windows hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kisha huandika shutdown /s /t 60. Hesabu ya sekunde sitini huanza kimyakimya. Akitaka kughairi, huandika shutdown /a kabla hazijaisha. Kwenye mifumo ya Linux huandika shutdown +1 kwa dakika moja, na shutdown -c kughairi. Anayezoea anaweza kutengeneza alama mbili juu ya skrini, moja ya kuzima na moja ya kughairi, asiandike kila mara.

Mwiba ni huu. Katika Windows, ukishaweka muda zaidi ya sifuri, mashine huhesabu kwamba umeiruhusu kufunga programu zote kwa nguvu muda ukiisha. Haitakuuliza tena kama unataka kuhifadhi. Na taarifa inayotokea haina kitufe cha Ghairi juu yake, hivyo aliyekaa mbele ya skrini, asiyejua amri ya kuzuia, hana la kufanya zaidi ya kuhifadhi haraka. Ni dawa ya kienyeji. Huipunguza homa, lakini usiilinganishe na kidirisha kile kilichokuwa wazi hata kwa asiyejua kompyuta.

Msomaji mmoja ataniuliza: mbona umeme ukikatika hauhesabu? Ni kweli, na ndiyo maana mwenye uwezo hununua kisanduku cha UPS, kile kinacholia pii-pii-pii umeme ukienda, akapata dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Watu wametoa fedha zao mfukoni kununua dakika hizo. Hapa tunazungumzia dakika iliyokuwapo tayari, bila malipo.

Basi ombi lipelekwe wapi? Mifumo huria ina uzuri wake: watengenezaji wake hupokea maombi ya watumiaji, na anayejua kuandika programu anaweza hata kurekebisha mwenyewe akawapelekea. Kikwazo ni kwamba mazungumzo yote huwa ya Kiingereza, na sauti ya steshenari ya Gairo haifiki. Hata hivyo sisi si wageni katika kazi hii. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, seti nzima ya programu za ofisi kwa Kiswahili. Walioweza kutafsiri maelfu ya maneno wana wanafunzi, na wanafunzi wana wanafunzi. Namwomba mmojawapo anayesoma ukurasa huu aandike barua hiyo kwa niaba ya mpwa wangu. Aeleze kwamba kompyuta moja hapa hutumiwa na watu ishirini kwa siku, na ataje kurasa tano za katiba ya akina mama.

Nilipita Gairo wiki iliyopita nikaingia dukani kumsalimu. Kijana alikuwa amesimama kando ya kompyuta, kidole kikielekea kitufe, akihesabu kwa sauti kubwa mfano wa mtangazaji wa mpira: "Kumi! Tisa! Nane!" Benchi zima la wateja likageuka kumtazama. Niliuliza ni vituko gani hivi. Mpwa wangu akacheka, akasema, "Shikamoo mjomba, ndiyo kidirisha chetu hicho."

"Tano! Nne!"

Mwalimu mmoja aliyekuwa pembeni akipanga karatasi za mtihani alinyanyua mkono.

"Bado," akasema, "bado swali la mwisho."

Na kijana akarudi kukaa.