TUULIZE KWA NINI MAMA AMEKUFA



Wako wanaosema kwamba habari za uzazi ni za wanawake, si za chama. Sisi hatukubali. Mtu akiwa zamu ya usiku na mkewe ameshikwa na uchungu nyumbani, hilo ni jambo la wafanyakazi. Tena wengi katika wafanyakazi ni akina mama wenyewe. Na tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara alianza kukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya jamii. Anayelipa ana haki ya kuuliza anapata nini.

Basi yafaa tutazame wenzetu wa nchi nyingine. Mwaka 2023 Shirika la Afya la Dunia lilitoa hesabu ya mama waliokufa kwa sababu ya uzazi mwaka 2020. Kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, Uingereza walikufa mama 10, Marekani 21, Sri Lanka 29, na Kenya 530. Hesabu ya watu iliyofanywa Kenya mwaka 2019 ilipata 355. Hata tukishika hiyo iliyo ndogo, ni zaidi ya mara 12 ya Sri Lanka.

Wengine watajibu upesi, "Ni fedha." Haitoshi. Marekani hutumia fedha nyingi kwa matibabu kuliko nchi yo yote duniani, na bado hesabu yake ilikuwa mara mbili ya Uingereza. Huko hakuna sheria ya nchi nzima inayompa kila mama likizo ya uzazi yenye mshahara. Mwaka 2021 wanawake weusi walikufa zaidi ya mara mbili na nusu kuliko weupe. Mali ipo, lakini haiwafikii wote sawasawa.

Sri Lanka si nchi tajiri. Katika miaka ya 1930 mama zaidi ya 1,500 walikufa huko kwa kila watoto 100,000, hali mbaya kuliko yetu. Walifanya nini? Mwaka 1926 walianzisha kituo cha afya huko Kalutara, kisha wakaeneza kazi hiyo nchini. Mkunga aliyefunzwa hukaa karibu na watu, huijua nyumba yenye mja mzito, huenda kumwona kabla ya kuzaa na baada ya kuzaa. Hospitali ya Serikali haimtozi. Na mama akifa, kifo chake huchunguzwa.

Uingereza nayo ilianza matibabu bila malipo Julai 1948. Tangu mwaka 1952, katika England na Wales, vifo vya mama wazazi vimekuwa vikichunguzwa na wataalamu, na yaliyoonekana yakapigwa chapa ili madaktari na wakunga wajifunze.

Sasa turudi kwetu. Juni 2013 Serikali iliondoa malipo ya kuzaa katika hospitali zake. Mwaka 2014 watoto 61 katika 100 walizaliwa hospitalini au katika vituo vya afya. Mwaka 2022 walikuwa 82. Ni jambo jema na twalisifu. Lakini kufika si kupona. Uchunguzi wa kwanza wa namna hiyo hapa Kenya ulitazama vifo 484 vya mwaka 2014. Ulionyesha kwamba zaidi ya mama 9 katika 10 hawakutunzwa ipasavyo, na kutokwa na damu ndiko kulikoua wengi kuliko sababu nyingine. Mlango umefunguliwa, lakini ikiwa ndani hakuna damu ya kumwongeza mgonjwa, na mkunga ni mmoja usiku kucha, mlango huo wafaa nini?

Sisi watu wa reli twajua desturi moja. Gari la moshi likiacha njia, hata kama hakuumia mtu, huulizwa: Nani alikuwa zamu? Signali ilionyesha nini? Reli ilikaguliwa lini? Hatuambiwi kwamba ni mapenzi ya Mungu, tukaenda zetu. Je, behewa lina thamani kuliko mama?

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, kila hospitali ya kuzalisha iwe na wakunga wa kutosha, mchana na usiku, pamoja na damu na gari la wagonjwa lenye petroli. Pili, kila kifo cha mama kichunguzwe, na jamaa zake waambiwe kilichoonekana. Kusudi si kumtafuta mkunga wa kumfukuza, maana mkunga naye ni mfanyakazi aliyechoka. Kusudi ni kosa lisirudiwe. Tatu, matawi yetu yapeleke maneno haya kwa serikali za kaunti, kwa maana hospitali nyingi zi mikononi mwao.

Nasi wanaume tusikae barazani tu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu yenye mshahara kamili, na baba majuma mawili. Tuzichukue siku hizo, twende tukaone wenyewe. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini haki yake ni juu yetu sote kuidai.