Siha ya Nyumbani: Kivuli cha Kifuani



Mathalan mama wa Kifanya, kule penye baridi ya Njombe, ambaye kwa miezi hukohoa na kukosa pumzi alalapo chali. Apigwa picha ya eksirei. Yatoka na kivuli kipana nyuma ya mfupa wa kidari. Neno "uvimbe" likishatamkwa nyumbani, jamaa huanza kunong'ona habari za saratani, na wengine hata habari za urithi. Haraka hiyo haifai, kwani kivuli hakijataja jina lake.

Eksirei, aliyoivumbua Röntgen mwaka 1895, hulaza kifua chote juu ya picha moja: moyo, mbavu na uvimbe hupandana. Ndiyo sababu daktari hutaka picha ya pili, ya ubavuni, apate kujua uvimbe uko wapi. Ulio karibu na uti wa mgongo aghalabu watokana na mishipa ya fahamu. Wa katikati mara nyingi ni mitoki, na katika nchi yetu mitoki hiyo yaweza kuwa ya kifua kikuu, maradhi yenye dawa. Wa mbele una asili nyingi, mojawapo ni rovu.

Rovu, naam! Nyanda za juu za kusini zilijulikana tangu zamani kwa rovu, kwa kuwa udongo wa milimani, uliooshwa na mvua, una upungufu wa madini joto. Rovu lililokua miaka mingi huweza kushuka toka shingoni likajificha kifuani na kuibana njia ya pumzi.

Hapo ndipo ifaapo sitiskani, chombo cha Hounsfield kilichompiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Hukikata kifua kwa picha, si kwa kisu, vipande vyembamba kama vya mkate. Daktari aufuata uvimbe kipande kwa kipande. Akiuona umeungana na tezi ya shingo, tena unang'aa kwa madini joto yaliyomo, hutambua rovu.

Walakini picha haihukumu peke yake. Mara nyingi hapana budi kutwaa kinofu kwa sindano kikapimwe, na aikataaye sindano (wako wengi, hasa sisi wanaume) hubaki na dhana. Basi mama yule akipelekwa hospitali kubwa, Mbeya au Dar es Salaam, achukue na picha zake za zamani. Uvimbe uliokuwapo vile vile miaka kumi iliyopita husomwa vingine kabisa na uliozuka mwaka huu.