Hiari ya Iphigenia, Hiari ya Ngorongoro

Katika tamthilia ya Euripides, Agamemnon anamwita binti yake Iphigenia kwa ahadi ya ndoa. Kumbe atachinjwa ili merikebu za vita zipate upepo. Mwishowe binti anasema anakufa kwa hiari, huku jeshi likimngoja. Hiyo ni hiari?

Mwaka 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti kwa ahadi ya kuishi Ngorongoro. Huko nako kilimo kikapigwa marufuku, na Juni 2022 wakaanza kuhamishiwa Msomera, “kwa hiari”, huku magari ya watalii yakipita Karatu.

Katika opera ya Gluck ya 1774, miungu inaghairi na binti anaokoka. Ngorongoro wa kughairi ni sisi. Mtumishi wa umma unayeorodhesha wahamaji, waulize: mngeruhusiwa kulima, mngeondoka?